Figo Ikioza Mgonjwa Akiwa Hai: Matibabu ya Maambukizi Makali, kutoka Kitale na Bungoma hadi Eldoret

Maambukizi mengi ya figo hupona kwa dawa. Bakteria hupanda kutoka kwenye kibofu, hupitia mrija wa mkojo hadi kwenye figo, mgonjwa hushikwa na homa, kutetemeka na maumivu ya ubavu, kisha antibiotiki humaliza kazi kwa wiki moja au mbili. Machache, hata hivyo, hayaishii kwenye kuvimbisha figo. Huila. Nyama ya figo hufa, usaha hujikusanya, pengine gesi huzuka ndani yake, na sumu ya vijidudu huingia kwenye damu na kuushusha mwili mzima. Mtu aliyekuwa shambani kule Kiminini karibu na Kitale, au sokoni Chwele huko Bungoma, siku tatu zilizopita hufikishwa hospitalini hajitambui, presha imeporomoka, mkojo umekatika.

Sura za uharibifu huo ni kadhaa. Ya kwanza ni usaha uliofungiwa, ambao madaktari huuita pionefrosisi. Jiwe hukwama kwenye mrija, au kovu la zamani, au saratani ya mlango wa kizazi huubana mrija kutoka nje. Mkojo uliokwama juu ya kizuizi huingiwa na bakteria, na figo nzima hugeuka kuwa mfuko wa usaha. Ya pili ni jipu, ama ndani ya nyama ya figo, ama katika mafuta yanayoizunguka. Ya tatu ni kali kuliko zote: pielonefritisi ya gesi. Bakteria, mara nyingi Escherichia coli au Klebsiella, huichachusha sukari iliyojaa kwenye tishu za mgonjwa na kutoa kaboni dioksidi na hidrojeni. Gesi hiyo huzidi kuzikatia tishu damu, na tishu zisizo na damu hufa na kuwapa bakteria chakula zaidi. Kelly na MacCallum waliieleza hali hii huko Marekani mwaka 1898, na kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata aliyeugua hivyo alitazamiwa kufa. Ipo pia sura ya nne, inayokwenda polepole: figo yenye mawe makubwa ambayo huvimba kwa miezi au miaka, ikajaa uchafu wa mafuta na usaha hata ikadhaniwa kuwa ni saratani. Hiyo haiui kwa siku mbili, na mwisho wake kwa kawaida ni kuondolewa kwa upasuaji uliopangwa.

Kisukari ndicho mlango mkuu wa figo ya gesi. Katika kundi la wagonjwa 48 walioelezwa na Huang na Tseng wa Taiwan mwaka 2000, 46 walikuwa na kisukari, na wanawake huugua zaidi ya wanaume. Kenya ilipopima hali ya afya ya watu wake katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015, takribani asilimia 88 ya watu wazima walikuwa hawajawahi hata siku moja kupimwa sukari ya damu. Ndiyo maana si jambo la kushangaza mgonjwa kujua kwamba ana kisukari siku ile ile anapoingizwa wodini akiwa mahututi. Wengine walio hatarini ni wenye mawe ya figo, wazee wenye tezi dume iliyovimba, wanaoishi na mpira wa mkojo, wajawazito, na wenye kinga iliyodhoofika kwa sababu ya VVU au dawa za steroidi.

Magharibi mwa Kenya ugonjwa huu una maficho mazuri. Bungoma imo katika ukanda wa Ziwa Viktoria ambako malaria ipo mwaka mzima. Kitale iko juu zaidi na ni baridi, lakini nako malaria hulipuka kwa msimu. Mtu mwenye homa na kutapika anapoingia kwenye duka la dawa au zahanati ndogo, wazo la kwanza ni malaria, la pili ni taifodi. Hutoka na vidonge vya malaria na sindano ya diklofenaki ya maumivu. Sindano hiyo hutuliza ubavu kwa saa chache na wakati huo huo huipunguzia figo damu, figo ambayo tayari inahangaika. Siku mbili hupotea hivyo. Na kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, bado hakijaithibitisha figo kuwa salama, kwa maana mtu mzima anayeishi mahali penye malaria anaweza kuwa na vimelea vichache damuni huku kinachomuua kikiwa ni kitu kingine.

Dalili za kumtoa mgonjwa kwenye mkumbo wa homa za kawaida hazihitaji mashine. Maumivu yako upande mmoja, chini ya mbavu, na mgonjwa hushtuka panapogongwa kidogo kwa ngumi. Homa haishuki baada ya siku mbili au tatu za dawa sahihi. Kisha zipo ishara tatu za kwamba maambukizi yameingia damuni: pumzi 22 au zaidi kwa dakika, kuchanganyikiwa, na presha ambayo namba yake ya juu haizidi 100. Mwenye mbili kati ya hizo hana nafasi ya kungoja foleni. Upo pia mtego unaowapata hata wenye uzoefu, nao ni mkojo safi. Mrija wa figo mgonjwa ukiziba kabisa, mkojo unaofika kwenye chupa ya maabara umetoka kwenye figo ya pili yenye afya peke yake, na jibu hurudi likisema hakuna maambukizi.

Uthibitisho huanza na ultrasaundi. Mashine hii ipo katika hospitali za rufaa za kaunti zilizoko Kitale na Bungoma na katika vituo vingi vya binafsi na vya misheni, na kwa dakika chache huonyesha figo iliyotanuka, jipu au jiwe. Udhaifu wake ni gesi, kwa kuwa gesi hutupa kivuli kinachoweza kudhaniwa kuwa ni utumbo au jiwe. Picha ya eksirei ya tumbo, rahisi jinsi ilivyo, wakati mwingine huionyesha gesi ikiwa imeichora figo. Skani ya CT ndiyo inayosema yote: gesi iko wapi, imefika umbali gani, jiwe limekaa wapi. Wahudumu na ndugu wengi hudhani skani hiyo lazima ingoje majibu ya kreatinini, kipimo cha utendaji wa figo, kwa sababu ya dawa ya rangi inayochomwa mshipani. Kwa kazi hii dawa ya rangi si ya lazima. Gesi na mawe huonekana vizuri bila hiyo. Anayemngojesha mgonjwa kwa ajili hiyo anampotezea muda bure.

Matibabu hayangoji skani. Saa ya kwanza ina kazi zake, na karibu zote zinawezekana Kitale au Bungoma kama zinavyowezekana Nairobi: oksijeni, njia mbili za dripu, damu ya kuotesha vijidudu, antibiotiki mara tu damu hiyo inapochukuliwa, kipimo cha sukari, na mpira wa mkojo ili kila saa ijulikane mkojo umetoka kiasi gani. Mkojo wa saa ni kipimo cha bei nafuu kuliko vyote katika chumba cha mahututi, na ndicho kinachosahaulika upesi zaidi. Mgonjwa wa kilo 60 anatarajiwa kutoa angalau mililita 30 kwa saa.

Juu ya maji ya dripu, Afrika Mashariki ina neno lake la kusema. Mwongozo wa kimataifa hupendekeza mililita 30 kwa kila kilo katika saa tatu za mwanzo, yaani karibu lita 1.8 kwa mtu wa kilo 60. Lakini mwaka 2011 jaribio lililoitwa FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, liliwatikisa madaktari duniani kote. Miongoni mwa vituo vyake ni Kilifi na Mbale, mji ulio ng'ambo ya Mlima Elgon kutoka Bungoma. Watoto zaidi ya 3,000 wenye maambukizi makali waligawanywa: wengine walipewa maji mengi kwa haraka, wengine wakapewa ya kawaida tu. Baada ya saa 48, walikuwa wamekufa karibu asilimia 10.6 ya waliopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 ya ambao hawakupewa. Mwaka 2017 jaribio jingine la Lusaka, Zambia, safari hii kwa watu wazima ambao wengi wao walikuwa na VVU, lilitoa picha ya namna hiyo: asilimia 48 walikufa katika kundi la maji mengi, 33 katika kundi la huduma ya kawaida. Majaribio hayo hayakuhusu figo zenye usaha, na mgonjwa wa kisukari aliyekauka kwa kukojoa na kutapika anahitaji maji kweli. Fundisho lake ni jinsi ya kuyatoa: nusu lita kwa nusu lita, na baada ya kila nusu kuangalia pumzi, presha na mapafu kabla ya kufungua nyingine. Pasipo na mashine ya kupumulia iliyo wazi, mapafu yaliyojaa maji ni hukumu.

Maji yakishindwa kuinua presha, dawa ya kubana mishipa huanzishwa mapema, na noradrenalini ndiyo inayopendelewa. Kwa saa za mwanzo inaweza kupitishwa kwenye mshipa mzuri wa mkono, mradi muuguzi aukague mara kwa mara, kuliko kusubiri mtaalamu wa kuingiza kathetera ya shingoni. Lengo ni wastani wa presha wa 65.

Sukari nayo hushughulikiwa sambamba. Metfomini, kidonge cha kisukari, husimamishwa na insulini huchukua nafasi yake, lakini si kwa pupa. Jaribio kubwa la NICE-SUGAR la mwaka 2009, lenye wagonjwa mahututi zaidi ya 6,000, lilionyesha kwamba kuibana sukari hadi kiwango cha mtu mzima mwenye afya kuliongeza vifo. Kwa hiyo insulini huanzishwa sukari inapozidi 10, kwa vipimo vya Kenya vya milimoli kwa lita, na sukari huachwa iwe kati ya 8 na 10. Potasiamu hupimwa kabla na baada, kwa sababu insulini huiingiza kwenye chembe za mwili na inaweza kuishusha hadi moyo ukasimama. Katika figo iliyofeli hatari huwa ya upande wa pili, potasiamu hupanda. Hakuna namna ya kukisia, lazima ipimwe.

Antibiotiki ya kwanza katika wodi nyingi za Kenya ni seftriaksoni. Imetumika sana, kwa kila homa, na matokeo yake ni kwamba bakteria wengi wa mkojo wamejifunza kuivunja. Kwa mgonjwa aliye kwenye mshtuko, daktari mwenye busara huongeza dozi ya amikasini au huanza na meropenemu moja kwa moja, hasa kama mgonjwa alikuwa amelazwa karibuni au ana mpira wa mkojo. Amikasini inaweza kuidhuru figo, lakini dozi moja ya kuokoa maisha ina hatari ndogo kuliko kumkosa bakteria. Majibu ya kuotesha yakirudi baada ya siku mbili tatu, dawa hupunguzwa kufikia ile inayolenga. Vidonge vya nitrofurantoini, vinavyouzwa kila mahali kwa maambukizi ya kibofu, havina nafasi hapa. Haviingii kwenye nyama ya figo kwa kiasi cha kutosha.

Mpaka hapa hakuna kilichofanyika kwa figo yenyewe, na ndipo wagonjwa wengi hupotea. Dripu imetundikwa, dawa nzuri inaingia, kila mtu anaona kazi inaendelea, na siku ya pili inapita, na ya tatu. Usaha uliofungiwa hauna mishipa ya damu, kwa hiyo dawa inayosafiri kwa damu haiufikii. Ni kama choo kilichoziba: kumwaga dawa juu hakufungui bomba. Lazima usaha utolewe. Uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali za Marekani uliochapishwa mwaka 2013, juu ya wagonjwa wenye jiwe lililoziba pamoja na maambukizi ya damu, ulikuta asilimia 19 walikufa pale figo isipofunguliwa, na karibu asilimia 9 pale ilipofunguliwa. Katika tiba ya wagonjwa mahututi ni nadra hatua moja kubadili namba kiasi hicho.

Njia za kufungua ni mbili. Ya kwanza hupitia nyuma ya kiuno. Mgonjwa hulazwa kifudifudi au kwa ubavu, ngozi hutiwa ganzi, daktari huongoza sindano kwa ultrasaundi mpaka ndani ya figo, hufuatisha waya mwembamba, kisha juu ya waya huo husukuma mrija usiozidi unene wa milimita tano. Usaha hutoka kwenye mfuko, sehemu yake hupelekwa maabara, na mara nyingi homa na presha hubadilika ndani ya siku moja. Njia ya pili hupitia chini: daktari wa mkojo huingiza kamera kwenye kibofu na kupandisha mrija laini, stenti, hadi juu ya jiwe. Jaribio la Marekani la mwaka 1998 lilikuta njia zote mbili zinafungua figo kwa ubora ule ule. Tofauti iko kwenye mazingira. Ya chini huhitaji chumba cha upasuaji, vyombo maalumu na mara nyingi usingizi wa dawa, jambo la hatari kwa aliye kwenye mshtuko. Ya nyuma huhitaji ultrasaundi, ganzi na mkono uliozoea. Kwa hospitali ya kaunti, mkono huo ndio mtaji wa kujengwa. Kumfundisha daktari mmoja na mtaalamu mmoja wa radiolojia kazi hii kunaweza kuokoa watu wengi kuliko mashine nyingi za bei kubwa.

Zamani jibu la figo ya gesi lilikuwa kuing'oa usiku huo huo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Somani na wenzake mwaka 2008, yaliyojumlisha wagonjwa 210, yaliukata mjadala kwa sehemu kubwa: vifo vilikuwa asilimia 50 kwa dawa peke yake, 25 kwa dawa na kung'oa figo mara moja, na 13.5 kwa dawa na mrija. Ni kweli wagonjwa wa makundi hayo hawakulingana kwa ukali wa ugonjwa, lakini kumpasua mtu ambaye presha yake haijasimama ni kumwongezea mzigo wakati hana nguvu ya kuubeba, na mwenye kisukari anayepoteza figo moja hana hakika ya kubaki na nyingine.

Kung'oa hakujafutwa. Huang na Tseng waliigawa figo ya gesi kwa kadiri gesi ilivyosambaa: ndani ya njia za mkojo tu, ndani ya nyama ya figo, nje ya figo, na mwisho katika figo zote mbili au katika figo pekee aliyobaki nayo mgonjwa. Kisha wakahesabu alama nne mbaya: chembe za kugandisha damu kupungua, figo kufeli ghafla, fahamu kuvurugika, na mshtuko. Miongoni mwa wenye gesi iliyosambaa sana, waliokuwa na alama moja au hawana kabisa walifaulu kwa mrija na dawa katika asilimia 85. Waliokuwa na mbili au zaidi, mrija na dawa vilishindwa kwa asilimia 92. Kwa hiyo mrija ukishawekwa, mgonjwa huangaliwa kwa saa 24 hadi 48; asiposogea mbele, CT hurudiwa, mrija wa pili huongezwa palipobaki usaha, na asipoitikia bado, figo hutolewa.

Hapo ndipo barabara ya Eldoret inapoingia. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, mjini Eldoret, iko takribani kilomita 70 kutoka Kitale kwa kupitia Moi's Bridge na Soy, na karibu kilomita 100 kutoka Bungoma kwa kupitia Webuye na Turbo. Mradi wa kitaifa wa kukodisha vifaa ulioanza mwaka 2015 ulikusudia kuzipa hospitali za kaunti vifaa, vikiwemo vya mahututi na vya kusafisha damu, na mjini Kitale imeongezeka hospitali ya rufaa inayobeba jina la Michael Wamalwa Kijana, makamu wa rais aliyefariki mwaka 2003. Mashine ya kusafisha damu humsaidia mgonjwa wa namna hii pale potasiamu inapopanda, tindikali inapozidi au maji yanapojaa mapafuni, lakini haitoi usaha. Swali la rufaa basi ni hili: nani anaweza kuweka mrija leo? Akiwepo karibu, mrija huwekwa kwanza, safari baadaye. Asipokuwepo, mgonjwa huondoka mara moja, akiwa amekwisha kupewa antibiotiki, na dripu inayokwenda, na oksijeni, na muuguzi ndani ya ambulensi, na simu iliyopigwa Eldoret ili timu imngoje. Barua ya rufaa huandika saa ya kila dozi. Rufaa inayofanyika baada ya siku ya nne inaweza kumpeleka mtu kufia mbali na nyumbani.

Ndugu hukwama kwenye fedha, na kukwama huko pia ni saa zinazokwenda. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na sheria ya bima ya afya ya jamii ya mwaka 2023, iliyoleta mamlaka ya SHA badala ya bima ya awali ya NHIF kuanzia Oktoba 2024, imeunda mfuko wa pekee wa dharura, magonjwa sugu na wagonjwa mahututi. Kujiandikisha mapema, kabla ya ugonjwa, huwaondolea jamaa zoezi la kutafuta mtandao na vitambulisho mlangoni pa wodi.

Anayevuka wiki ya kwanza bado ana safari. Antibiotiki huendelea kwa wiki mbili hadi nne, kwa mshipa kwanza, kisha kwa mdomo. Mrija wa kiunoni hutolewa usaha ukikoma na picha ikionyesha figo imekauka, na jiwe lililoleta balaa huondolewa baada ya maambukizi kwisha, kwani kulivunja mapema husambaza bakteria upya. Figo iliyoumia hupimwa kazi yake baada ya miezi kadhaa. Ikiwa imebaki haifanyi kitu na inaendelea kuleta maambukizi, hutolewa wakati huo, mgonjwa akiwa na nguvu na sukari yake imetulia. Kliniki ya sukari humpokea siku ya kutoka, si "siku moja akipata nafasi". Na aliyewekewa stenti lazima aambiwe waziwazi, yeye na anayemuuguza, kwamba mrija huo si wa kudumu: ukipita miezi mitatu huanza kujengewa mawe na kuziba tena. Tarehe ya kuutoa huandikwa kwenye kadi yake kabla hajaondoka wodini.